Makao ya watoto ya Ujiji: tathmini ya mchangiaji baada ya mwaka mmoja

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikichangia makao ya watoto yaliyoko Ujiji, na ninaandika kwa ajili ya yeyote mkoani Kigoma anayetaka kutoa lakini hajui aanzie wapi. Jina lake silitaji, kwa kuwa watoto wanaishi humo.

Kabla yake nilituma fedha kwa miezi minne kwenye kituo kingine, kupitia namba ya simu ya mtu binafsi. Sikupata risiti hata moja, na nilipouliza niliambiwa kwamba sadaka haiulizwi. Jibu hilo liliniuma sana, maana fedha ikishatolewa kwa ajili ya yatima, ni haki yao iulizwe.

Safari hii nilianza na karatasi. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 hakitoshi, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka pia leseni ya kuendesha makao ya watoto; ukiwa na shaka, muulize ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hapa nilionyeshwa vyote viwili bila kuzungushwa.

Kilichonipa imani zaidi ni madaftari yao mawili, moja la zaka na jingine la sadaka. Zaka ina makundi yake manane ya wapokeaji yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, na kwa wanazuoni wengi haiingii katika kupaka rangi ukuta, ilhali sadaka ina nafasi pana. Kila mstari una tarehe, kiasi, kilichonunuliwa na sahihi mbili.

Ramadhani iliyopita nilipeleka gunia la mchele. Mama mlezi alinishukuru, kisha akanishika mkono hadi stoo, ambako magunia yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa dirisha. “Mwanangu, mchele huu utatufikisha Mfunguo Tatu,” aliniambia, yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. “Tunachokosa ni mshahara wa mpishi, kuni na sabuni, na vitu hivyo hakuna anayevileta.” Tangu siku hiyo ninatuma kiasi kidogo kila mwezi kwa lipa namba yao, ambayo huonyesha jina la makao kabla sijaweka namba ya siri. Naiona njia hii kuwa bora kuliko shehena ya mara moja, kwa sababu mpishi hulipwa hata mwezi ambao wageni hawaji.

Kasoro zipo. Risiti huchelewa hata wiki mbili, na wageni huruhusiwa kupiga picha na watoto, jambo ambalo nimewaomba walikomeshe na bado sijaridhika na jibu lao. Hata hivyo ninaendelea kuchangia. Ukienda, nenda asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni, uombe kuona daftari la mwezi uliopita.