Siku tatu Ulaya kwa bei nafuu: hesabu nauli kuanzia uwanja wa ndege

Malalamiko ninayoletewa na Waswahili wanaoishi Ulaya hufanana: tiketi ya ndege ilikuwa rahisi kuliko chakula cha jioni, lakini njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini ikala fedha pamoja na nusu ya siku ya kwanza. Habari za hoteli na hali ya hewa kila mtu anazo, kwa hiyo miji hii nimeipanga kwa kuangalia jambo hilo moja tu.

Wa kwanza, wala sifichi upendeleo wangu, ni Bergamo, kaskazini mwa Italia. Uwanja wake huuzwa kwa jina la Milan, jiji lililo umbali wa kilomita 50 hivi, na abiria wengi wakishatua hukimbilia mabasi ya huko bila hata kugeuza shingo, ilhali Bergamo yenyewe iko kilomita 5 tu. Basi nambari 1 hupita kituo cha treni, kisha hupanda hadi Città Alta, mji mkongwe wa kilimani, uliozungukwa na kuta za Waveneti, yaani watu wa Venice, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2017. Jioni agiza polenta taragna, ugali uliosongwa kwa siagi na jibini hadi ukiuinua kwa uma unavutika kama uzi. Asiyekula nguruwe aulize kwanza kilichomo ndani ya casoncelli, tambi za huko zilizojazwa.

Wa pili ni Kraków, Poland. Treni hukufikisha kituo kikuu kwa dakika 20 hivi, na kutoka hapo unatembea hadi Rynek Główny, uwanja mkuu wa mji mkongwe. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ukatwe kwa euro badala ya złoty, fedha ya Poland, kataa.

Bologna, nayo ya Italia, naiweka ya tatu kwa shingo upande. Mji ni mzuri, na baraza zake zenye nguzo hukukinga mvua mtaa baada ya mtaa; lakini kwa umbali wa kilomita 6 tu, reli ya juu iliyofunguliwa mwaka 2020 hutoza zaidi ya euro 10 kwa safari ya dakika 7, upande mmoja. Mume na mke, kwenda na kurudi, wanapita euro 40.

Tiketi za bei ya kutupa za Frankfurt-Hahn, uwanja wa ndege wa Ujerumani, ziacheni: Frankfurt iko kilomita 120 kutoka hapo. Wauzaji wanaujua umbali huo vizuri sana, lakini jina la jiji huliandika kwa herufi kubwa, na ada ya begi huifichua pale tu unapotaka kulipa.