Leseni ya muziki ya kinyozi: nyota mbili kati ya tano

Nina kinyozi mtaa wa Umoja, Nairobi, viti 3 na wufa moja juu ya rafu ya taulo. Leseni ya kuchezea wateja muziki nalipia kila mwaka, na silalamiki kulipa. Wimbo ukimtuliza mteja hadi zamu yake ifike, mwenye wimbo apate chake.

Shida ni huduma. Jumamosi moja, saa ya watu wengi, waliingia vijana wawili na beji shingoni, wakataka leseni. Nikawaonyesha stika kwenye kioo. "Hiyo si yetu, mzee." Ya nani basi? Ya wenzao wa shirika lingine, waliopita mwezi uliotangulia. Wakaanza kuizungukia wufa wakitafuta waya. Mteja wangu, kichwa kimenyolewa nusu, akawauliza kutoka ndani ya kitambaa: cheti cha Kecobo, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kiko wapi? Hawakuwa nacho.

Mteja huyo hupiga besi kwenye bendi ya benga, mambo haya anayajua. Akanieleza kuwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 46, hairuhusu shirika kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, bila cheti cha Kecobo, na cheti chenyewe ni cha mwaka mmoja. Kwa hivyo aliyekuwa halali mwaka jana si lazima awe halali leo. MCSK, shirika kongwe la watunzi wa muziki, lilinyimwa cheti 2017. Agosti 2021 Kecobo ikatangaza kuyafuta mashirika yote matatu: MCSK, KAMP la watayarishaji na PRISK la waimbaji na wapiga ala.

Mahakamani nako ni vurugu. Kifungu cha 30A, kinachowapa waimbaji na watayarishaji malipo kupitia mashirika haya, jaji wa Malindi alikibatilisha 2016 kwa sababu umma haukushirikishwa kukitunga. Mwaka uo huo, Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kiko sawa. Majaji wenyewe hawapatani, halafu mimi wa mashine ya kunyolea ndiye nichague?

Nyota mbili ni za risiti, maana ukilipa kwa simu inaingia papo hapo. Tatu nimezizuia. Anayekuja na pesa taslimu akilini mwake, mwambie akuonyeshe cheti cha mwaka huu, kisha lipa kwa namba ya shirika, si mkononi.

Nilimuuliza mpiga besi mgao wake wa mwisho ulikuwa kiasi gani. Akacheka: nauli ya kwenda mjini na kurudi. Nikamalizia upande wa pili, sikumtoza.