Mbolea na Dawa za Nyanya Nairobi: Nunua Ipi Kwanza?

Ukiwa na mashina machache ya nyanya nyuma ya nyumba Kasarani, au kwenye magunia kule Utawala, huna haja ya kubeba kila chupa utakayowekewa kwenye kaunta ya agroveti. Pesa ikiwa kidogo, ningeipanga hivi.

Ya kwanza ni samadi iliyooza vizuri, na hapa sibishani na mtu. Udongo mweusi wa upande wa Utawala na Embakasi hupasuka jua likiwaka na kutuamisha maji mvua ikinyesha, samadi huulegeza. Ule mwekundu wa Karen na Kikuyu hung'ang'ania fosforasi, kwa hiyo ongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kipimo cha kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo. Ichanganye na udongo kabla ya kupandikiza miche, kwani ikigusa mizizi itaiunguza.

Ya pili ni dawa ya kopa, yaani yenye madini ya shaba, ya kuzuia blaiti, ule ugonjwa unaofanya watu waseme nyanya zimechomwa na baridi. Kinachochoma si baridi yenyewe. Ni kimelea kinachoitwa Phytophthora infestans, ambacho hustawi majani yakikaa na unyevu usiku kucha, na Nairobi hali hiyo ni ya kawaida kuanzia Juni hadi Agosti. Asubuhi na mapema geuza jani lenye baka la kahawia lililolowa: ukiona utando mweupe kama unga pembezoni mwa baka, ndiyo hiyo. Baka lenye miviringo, moja ndani ya nyingine, ni blaiti ya aina nyingine isiyo na kasi hivyo. Kopa hukaa juu ya jani tu, haiingii ndani, kwa hiyo nunua na unyunyize kabla ugonjwa haujafika. Usisahau upande wa chini wa majani, na rudia mvua kubwa ikiiosha, kwa vipimo vya lebo.

Wengi watakuuzia mankozebu, dawa nyingine ya blaiti, kwa kazi hiyohiyo. Inazuia, ni kweli. Lakini Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoendelea kuiidhinisha, na kwa bustani ambayo watoto huchuma na kula papo hapo, mimi nachagua kopa.

Ya tatu ni calcium nitrate, ile mbolea nyeupe ya chengachenga yenye kalisi, kwa nyanya zinazooza kitako. Ila kwanza angalia maji. Kalisi hupanda hadi kwenye tunda ikibebwa na maji, na mitaa mingi yetu ina mgao. Shina likikauka siku nne kisha likafurikishwa siku ya tano, kitako kitaoza hata kama udongo una kalisi tele. Kwa mtu mwenye mgao wa namna hiyo, pipa la kuhifadhia maji na nyasi kavu za kufunika udongo vitamfaa kuliko mfuko wa mbolea. Ukiinunua, yeyusha kijiko kimoja cha mezani kwenye lita 5 za maji na umwagilie kwenye shina. Usiichanganye ndooni na DAP wala mbolea yoyote ya salfeti, maana hugandana na kutuama chini.

Ya nne ni Trichoderma, kuvu rafiki anayemwagiwa kwenye udongo wakati wa kupandikiza ili kulinda mizizi. Nzuri, lakini haitibu mnyauko wa bakteria. Shina likinyauka ghafla likiwa bado kijani, likate karibu na udongo na uning'inize kipande hicho ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka, usinunue dawa yoyote, kwa sababu haipo ya kuuponya. Ng'oa, ondoa shambani, na hapo usirudishe nyanya, viazi, pilipili wala biringanya.

Ya tano ni dawa zinazopenya ndani ya jani, kama Ridomil Gold. Ziweke kwa dharura, blaiti ikianza kuonekana. Ukizitumia kila wiki, kimelea huzizoea. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziheshimu.

Chupa za busta, zile mbolea za maji za kunyunyizia majani, naziweka mkiani kabisa.

Kabla hujalipa, tafuta kwenye lebo namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za kilimo, na tarehe ya kuisha, na hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ikatae, hata ukipunguziwa bei. Nunua glavu na barakoa siku hiyohiyo. Pampu nayo iwe ya nyanya peke yake: ukiazima iliyonyunyizia dawa ya magugu, mabaki kidogo tu yatakunja majani yote.