Fundi wa kompyuta wa Mwanga, Kigoma: alipima kwanza

Kompyuta mpakato yangu mpya ilikuwa ikigoma ghafla na kuonyesha skrini ya buluu mara tatu kwa siku, na duka lililoniuzia likashikilia kwamba kosa ni la umeme wa Kigoma, ingawa iligoma hata ilipotumia betri. Fundi huyu wa Mwanga hakukimbilia kufuta Windows, kama wengi wafanyavyo. Aliipima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) usiku kucha kwa MemTest86, programu ya kupima kumbukumbu hiyo, akakuta makosa, kisha akapima vipande vyake viwili kimoja kimoja hadi akakibaini kibovu. Tangu aweke kipya cha GB 8, haijagoma tena. Bei yake si ndogo, lakini alinikabidhi kile kibovu pamoja na maelezo ya maandishi, ili nidai waranti.