ReaComp, kompresa isiyo na sura

Nianze na ubaya wa ReaComp, plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya kompresa, yaani ya kubana sauti kubwa isiizidi mno ndogo: haina mvuto hata kidogo. Kijivu kitupu, vitelezi vimepangwa kama fomu ya benki, hakuna sindano inayocheza wala picha ya mtambo wa zamani. Mteja akiiona kwenye skrini hawezi kudhani kuna la maana linaendelea. Mimi mwenyewe niliipita miezi mingi nikikimbilia plagini za kuletewa kwa flashi, zenye vioo na taa, hadi moja ilipogoma kufunguka katikati ya kazi ya watu. Usiku ule nikafungua hii, ambayo ilikuwamo ndani ya REAPER, programu ninayorekodia, tangu siku ya kwanza. Sasa ni mwaka wa pili naitumia.

Studio yangu ni chumba kimoja Ngamiani, Tanga. Maiki moja ya kondensa, magodoro ukutani, na feni ninayoizima kila tunaporekodi. Kazi nyingi ni kaswida na kwaya, jioni wanakuja vijana wa bongofleva. Waimbaji wengi hawajazoea maiki: ubeti ananong'ona, kwenye kiitikio anaita kama yuko mnadani. Zamani nilikuwa napandisha na kushusha feda, kile kitelezi cha sauti, kwa mkono, neno kwa neno. Kwamba kompresa ipo kwa ajili hiyo nilijua, ila inafanyaje, sikujua.

Hapa nimejua kwa sababu kila kitu kiko wazi. Kizingiti, kiwango ambacho sauti ikikivuka inaanza kubanwa, unakivuta kando ya mita ya sauti inayoingia, hivyo unaona ni vilele gani vimekivuka na vipi viko chini yake. Chukua kizingiti cha -20 na uwiano wa 4 kwa 1, yaani kila desibeli 4 zilizovuka inatoka 1. Neno likifika -8, limevuka kwa desibeli 12. Litatoka limevuka kwa 3 tu, yaani -17. Desibeli 9 zimeliwa. Hesabu hiyo niliiandika kwenye kipande cha boksi nikakibandika juu ya spika, na mpaka leo kipo. Plagini nilizokuwa nazo kabla zilikuwa na kitasa kimoja kikubwa cha kuzungusha mpaka "ipendeze", na ningeweza kuzungusha miaka kumi bila kujua nimefanya nini.

Ataki, muda ambao kompresa inachukua kuanza kubana, ndiyo iliyonitia aibu. Lilikuja kundi la madrasa na madufu manne. Nikaweka ataki milisekunde 1, uwiano 8 kwa 1, mita ikatulia, nikajiona fundi. Ustadhi wao akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua.

"Mwanangu, mbona dufu umelivisha soksi?"

Alikuwa na haki. Mlio wa kiganja kugonga ngozi unakuja na kwisha ndani ya milisekunde chache za mwanzo, na mimi nilikuwa naukata kila unapochomoza, ukabaki mvumo tu. Nikasogeza ataki hadi 25, uwiano nikaushusha hadi 3, pigo likatoka mbele tena. Siku hizi kijana anayejifunza kwangu namkalisha na rekodi ileile. Anavuta kitelezi polepole kutoka 1 hadi 30 huku madufu yanapiga, na hapati kugusa kitu kingine jioni hiyo.

Rilizi, muda ambao kompresa inachukua kuachia, naipigia hesabu. Wimbo ukiwa na mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600. Naanzia nusu yake, 300, kisha naiangalia mita ya upunguzaji. Isiporudi kabla ya pigo linalofuata, wimbo mzima unakaa umebanwa. Ikirudi haraka mno, kila mwimbaji anaponyamaza zinapanda pumzi zake, na pamoja nazo feni ya jirani (yangu nimezima, ya jirani nitaizimaje?).

Kuna vichujio viwili, kimoja cha kukata sauti za chini na kingine za juu; naona wengi hawavigusi, na ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Havibadilishi sauti unayoisikia wewe, vinabadilisha ile inayosikiwa na kompresa. Mwimbaji akiisogelea sana maiki, "p" na "b" zinasukuma upepo wa besi, na kompresa inashusha sauti nzima kwa upepo tu. Napandisha kichujio cha kukata chini hadi 120 Hz, mchezo unakwisha. Nikikipeleka hadi 5,000 Hz, kompresa inaanza kuziwinda "s": mwimbishe mtu "sisi sote" uone mita inavyoruka. Ni kweli kwamba inashusha sauti yote kwa ule muda mfupi, si ile "s" peke yake, lakini kwa kitu cha bure sina ugomvi. Kuna pia kisanduku cha kukusikilizisha kile inachosikia yenyewe. Ukimaliza kizime. Mimi nilikisahau, nikamtumia mtu demo iliyolia kama mbu ndani ya chandarua.

Malalamiko ninayo. Kisanduku cha "Auto make-up" kinaongeza sauti baada ya kubana, na sikio likisikia kikubwa linasema ni kizuri. Nilidanganyika nacho sana. Sasa nakiacha kimezimwa, nasawazisha kwa mkono, ndipo nafananisha kabla na baada. "Pre-comp" inaiwezesha kuona vilele kabla havijafika, ila inaleta ucheleweshaji, kwa hiyo usiiwashe wakati mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni. "RMS size" imewekwa tu pale bila neno la maelezo. Na anayetafuta joto la LA-2A, ule mtambo wa zamani wa kubana sauti, wa vali, wenye vitasa viwili vya kazi, hapa hatalipata. ReaComp inabana na haiongezi rangi.

Bei: REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, na dola 225 kwa wakubwa. Wanaotumia programu nyingine za kurekodi, kama FL Studio au Cubase, kwenye Windows hawahitaji hata hiyo, maana Cockos, waundaji wa REAPER, wanaitoa ReaComp bure ndani ya furushi la ReaPlugs. Video za Kenny Gioia kwenye tovuti ya REAPER nazo ni za bure, ingawa ni za Kiingereza na anakwenda mbio. Mimi huzisimamisha kila baada ya sentensi mbili.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku watakapoweka maelezo ya "RMS size".