Siku 10 na kisomeo cha vitabu: skrini nimeikubali, PDF imenikera

Kabla hata ya salamu, tazameni hapa mezani. Mnaiona hii picha kwenye kioo? Mpwa wangu alipofungua boksi alianza kuikwangua kwa ukucha pale pembeni, akidhani ni stika, kama zile wanazobandika kwenye simu mpya. Kakwangua, kakwangua, haibanduki. Kumbe si stika jamani. Ni skrini yenyewe, na kifaa hakijawashwa bado. Hapo hapo nikajua video hii lazima niirekodi.

Haya, hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo ni kifaa cha kusomea vitabu, na kazi yake ni hiyo moja tu. Najua wengi wetu kila kifaa cha namna hii tunakiita Kindle, hata kikiwa Kobo, hata kikiwa cha kampuni nyingine kabisa. Mimi nitakiita kisomeo, tuelewane. Hiki nimekinunua kwa hela yangu, sijatumiwa na mtu. Jina la kampuni siliweki, maana huko mbele nina malalamiko na sitaki tumalize video tukigombania majina. Ninacho siku 10, kwa hiyo haya ni ya mwanzo mwanzo.

Uzito, ujazo, ukubwa wa skrini, hayo mmeshayasoma kwenye boksi. Naruka. Njooni dirishani.

Hapa jua linapiga moja kwa moja. Simu yangu naiweka kushoto, mwanga nimeupandisha mpaka mwisho. Kisomeo kulia, na taa yake nimeizima kabisa. Ngoja kamera isogee. Kwenye simu mnaona nini? Mnaona dirisha, mnaona kidevu changu, maandishi mpaka uyatafute. Sasa angalieni kulia. Kila herufi imetulia. Nikikisogeza kivulini, herufi zinafifia kidogo. Nikikirudisha juani, zinakolea! Narudia tena, maana najua kuna watakaosema nimeichezea video. Kivulini. Juani. Mmeona?

Simu inatoa mwanga wake, kwa hiyo inashindana na jua, na jua halishindwi. Kisomeo hakishindani. Kinatumia mwanga ule ule uliopo, kama gazeti linavyofanya. Ndani ya skrini mmejaa vifuko vidogo sana, unene wake ni kama wa unywele. Kila kifuko kina kimiminika angavu na chembe za rangi mbili: nyeupe zina chaji chanya, nyeusi zina chaji hasi. Umeme unavuta hizi juu na kuzisukuma zile chini. Zikija nyeusi unapata herufi, zikija nyeupe unapata karatasi. Zikishafika mahali pake zinatulia pale pale, hazidai umeme wa kuzishikilia. Ndiyo siri ya ile picha aliyokuwa anaikwangua mpwa wangu: ilichorwa huko ilikotoka, ikabaki.

Na ndiyo siri ya chaji pia. Nasoma kama saa moja na nusu kila usiku, taa ikiwa imewashwa, na baada ya siku 10 nimetoka asilimia 100 nimefika 71. Simu yangu hiyo asilimia 29 inaimaliza kabla ya saa sita mchana.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Kampuni ya E Ink, inayotengeneza skrini hizi, ilianzishwa 1997 na watu waliotoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Sony wakatoa kisomeo chao cha kwanza chenye skrini hii, Librié, huko Japani mwaka 2004. Kindle ya kwanza ikaja Novemba 2007 kwa dola 399, ikaisha sokoni kwa saa tano na nusu. Dola 399, na haikuwa na taa! Leo kisomeo cha kawaida kinauzwa chini ya hapo kwa mbali, na taa ndani yake, kwa hiyo anayesema vifaa hivi vimepanda bei aangalie tena.

Kuna jambo mtaliona mkikifungua kwa mara ya kwanza. Nafunua ukurasa… hapo! Mmeuona ule mweko mweusi? Na hapa chini, ukikaza macho, kuna kivuli cha mistari ya ukurasa uliopita. Ule mweko ndio unaofuta vivuli hivyo. Siku ya kwanza ulinichosha. Siku ya tatu nikagundua siuoni tena. Kwenye mpangilio unaweza kuamua ufanyike kila ukurasa, au usubiri sura iishe. Mimi nimeweka kwenye sura.

Ngoja nitoe taarifa ya chaneli, maana nitasahau. Kuanzia wiki ijayo video zitakuwa mbili, Jumanne na Ijumaa, na maikrofoni nimebadilisha. Wale mliolalamikia mwangwi, mlikuwa na haki, samahanini.

Sasa malalamiko. PDF. Jamani, PDF!

Nilikuwa na ripoti ya kurasa 140, imepangwa kwa karatasi ya A4. Nikasema vizuri, nitaisoma kitandani. Naifungua hapa mbele yenu. Herufi ni sisimizi. Nibonyeze alama ya kukuza maandishi… haipo, imefichwa, kwa sababu faili la EPUB, yaani lile la kawaida la vitabu vya kidijitali, ni kama maji, ukibadili ukubwa wa herufi maandishi yanajimwaga upya kujaza skrini, ila PDF ni ukurasa uliokwisha kugandishwa. Basi nakuza kwa vidole viwili. Nangoja. Nimekuza. Sasa mstari umetoka nje kulia, nausukuma. Nangoja. Nasoma maneno manne, narudi kushoto. Nangoja. Kwa mstari mmoja! Nikikilaza upande, naona nusu ukurasa, hapo kidogo nafuu. Nikikata ukingo mweupe, nafuu nyingine. Lakini tukifika kwenye jedwali, tazameni, hii namba ni ya safu ipi? Siwezi kuwajibu, na ripoti ninayo mkononi.

Kilichoniuma ni kwamba boksi limeandikwa kinafungua PDF. Kweli kinafungua. Kufungua na kusoma ni mambo mawili tofauti, na mwanafunzi anayejibana anunue hiki kwa ajili ya makala zake za chuo ataumia. Wewe mwenye PDF nyingi, tafuta chenye inchi 10, na ujue bei yake inakaribia ya tableti nzuri. Hapo chukua tableti, sitakulaumu.

Kuhusu visomeo vya rangi, mmeniuliza sana. Nyingi ya skrini hizo zinatoa nukta 300 kwa inchi kwenye maandishi meusi, ila picha ya rangi inashuka hadi 150, na karatasi yake inakuwa na giza kidogo. Kwa katuni sawa. Kwa riwaya, baki na nyeusi na nyeupe.

Na sisi wa Kiswahili tuna shida zetu. Maneno yetu marefu, kifaa hakijui pa kuyakata mwisho wa mstari, kwa hiyo kinanyoosha kingo zote mbili na kuacha mapengo katikati kama meno yaliyong'oka. Zima huo mnyoosho, panga kushoto tu, ukurasa unapumua. Kamusi nayo: nilijiwekea ya Kiswahili, nikagusa neno "alimtafutia", ikaniambia halipo. Inataka "tafuta" tupu! Kiingereza inakipata kwa mguso mmoja. Hili linatakiwa lishughulikiwe, na nitalisema kila nikishika kifaa cha namna hii.

Jambo jingine kabla hujatoa hela: unanunua duka pamoja na kifaa. Kobo inafungua EPUB moja kwa moja. Kindle kwa miaka mingi ilikataa, mpaka 2022 ndipo ukaweza kuzituma kwa huduma yao ya Send to Kindle. Na Julai 2009 Amazon, wenye Kindle, walifuta kwa mbali vitabu ambavyo wateja walikuwa wameshavilipia. Hela walirudisha, mkuu wao wa wakati huo Jeff Bezos akaomba radhi, lakini mimi tangu nilipolijua hilo natunza nakala pembeni. Kama huna vitabu vya kuanzia, Project Gutenberg wanatoa bure tangu 1971, zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza.

Niwaambie ukweli, asubuhi nilikuwa nimeandika "kama una simu nzuri, usinunue". Nimeifuta. Ndani ya siku hizi 10 nimemaliza riwaya mbili, na kwenye simu sijamaliza hata moja mwaka mzima. Simu ikilia mesiji, nikienda kuijibu, sirudi. Humu hakuna mesiji. Kuna kivinjari, ila ni kizito kiasi kwamba hukifungui mara ya pili, na nashukuru.

La mwisho, aliyeuliza kuhusu usiku. Nazima taa ya chumba. Mnaona? Vitaa viko ukingoni, vinamwaga mwanga juu ya ukurasa, haupiti nyuma yake kuja machoni. Naupunguza… naufanya wa njano… hapo. Niko ukurasa wa 214, muuaji hajajulikana na zimebaki sura mbili. Bonyezeni kengele, tuonane Jumanne. Mimi nabaki hapa hapa gizani nizimalize.