Taa ya Kijani ya Kufunga Kwenye Bunduki: Uzoefu Wangu wa Kuwinda Nguruwe Usiku Texas

Naandika maelezo haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaoishi Texas, ambao wamealikwa na wenye mashamba kusaidia kupunguza nguruwe wa porini na sasa wanajiuliza wanunue taa gani. Mimi huwinda katika shamba la mahindi na majani ya mifugo karibu na Navasota, kwenye bonde la mto Brazos, na taa ninayoieleza imekaa kwenye bunduki yangu kwa misimu kadhaa, katika joto, vumbi na mvua. Ni tochi ya alumini yenye LED ya kijani, inayotumia betri moja ya lithiamu ya ukubwa unaoitwa 18650, yenye kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza mwanga, pamoja na swichi ya waya inayobandikwa pale mkono wa kushoto unaposhika.

Nguruwe wenyewe si ngiri wala nguruwe mwitu wa kwetu. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, ambao baadaye walichanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia walioingizwa kwa ajili ya uwindaji katika miaka ya 1930. Idara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kuwa nchi nzima wapo zaidi ya milioni 6, na Texas inaongoza. Kundi likiingia kwenye mahindi yaliyopandwa juzi, hufuata mstari na kufukua mbegu moja baada ya nyingine, na asubuhi mwenye shamba hana la kufanya ila kupanda upya. Wakati wa kiangazi, jua linapokuwa kali, hulala kwenye matope mchana kutwa na kutoka usiku, na ndiyo sababu watu huwafuata gizani.

Sheria ya Texas inaruhusu jambo hilo. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu mwenye idhini ya mwenye ardhi ya binafsi hahitaji leseni ya uwindaji kuwapiga nguruwe hawa, hakuna msimu uliofungwa, na kutumia taa usiku si kosa. Kulungu ni habari nyingine kabisa: kumpiga usiku ni kosa, kwa hiyo ni busara kumpigia simu askari wa wanyamapori wa eneo hilo kabla ya kwenda, ili asishtuke akiona mwanga shambani. Wale walioingia Marekani kwa viza ya muda wasiguse bunduki kabla ya kumwuliza mwanasheria, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawakataza wengi wao kumiliki silaha, na nafuu mojawapo inamtaka mtu awe na leseni halali ya uwindaji hata kama jimbo lenyewe haliidai kwa nguruwe. Na mtu asidhani kuwa anaweza kwenda na utaratibu huu nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania, ambako uwindaji wa kibali upo, kuwinda usiku kwa taa bila idhini maalumu ni kosa.

Sasa tuje kwenye rangi. Mwenzangu mmoja wa Mombasa aliniuliza tulipokuwa tunafunga taa, "Ndugu yangu, si wanasema nguruwe haoni kijani?" Nilimjibu kuwa anakiona, tena bila shida. Nguruwe ana aina mbili za chembe za kuonea rangi, moja inayoitika zaidi kwa mwanga wa karibu nanomita 439 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na ndio unaoamua rangi), ambao ni wa buluu, na nyingine kwa karibu nanomita 556, ambao ni kijani kinachoelekea manjano. LED nyingi za kijani hutoa mwanga wa nanomita 520 hadi 530, ambao uko ndani kabisa ya uwezo wa jicho lake. Anachokiona kwa shida ni mwekundu wa nanomita 620 na kuendelea. Faida ya kijani iko upande wa mwindaji, kwa sababu jicho la binadamu lililozoea giza huona vizuri zaidi karibu na nanomita 507, na lililo kwenye mwanga wa kutosha karibu na 555, na LED ya kijani huangukia katikati ya hizo mbili. Kwa nguvu ileile ya betri, kijani hunionyesha mstari wa mgongo, masikio, na mpaka kati ya nguruwe mweusi na kivuli cha majani, wakati mwekundu hunionyesha doa tu linalosogea. Kwa mtu anayepaswa kujua anapiga nini kabla ya kugusa kifyatulio, nimeridhika kuwa hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuchagua kijani. Wanaowinda koyote, mbwa mwitu wadogo wa Amerika, hasa koyote ambao wamekwisha kupigiwa risasi mara nyingi, wana haki ya kupendelea mwekundu, na sibishani nao.

Jambo linalowachanganya wanunuzi kuliko rangi ni tarakimu za kwenye boksi. Wauzaji huandika lumeni kwa herufi kubwa, nazo lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, uwe umekusanyika au umetawanyika pembeni. Kinachomfikia nguruwe aliye mbali ni ukali wa mwanga wa katikati, unaopimwa kwa kandela. Kipimo cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1 huhesabu umbali wa tochi kuwa pale ambapo mwanga umebaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaofika mahali), karibu sawa na mbalamwezi, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa 2. Taa yangu imeandikwa kandela 40,000. Kipeuo chake cha pili ni 200, kwa hiyo umbali wa kwenye boksi ni mita 400. Lakini hakuna mtu anayemtambua mnyama kwa mbalamwezi katika mita 400. Kwa mita 100 taa hiyohiyo huleta luksi 4, kwa mita 200 huleta luksi 1 tu, na kwa macho yangu, kupitia darubini ya bunduki, mwisho wa kumtambua nguruwe kwa uhakika ni kama mita 150. Mwenzangu alikuja na taa ya bei nafuu iliyojigamba kwa lumeni nyingi mno, na kandela zake zilikuwa 4,000. Hesabu ikatoa mita 126 za kwenye boksi, na shambani hatukumtofautisha nguruwe na ndama baada ya mita 50. Boksi lisilotaja kandela mimi nalirudisha kwenye rafu.

Vilevile angalia kama kijani kinatoka kwenye LED yenyewe au kwenye kioo cha rangi kilichowekwa mbele ya taa nyeupe. Kioo cha rangi huzuia sehemu kubwa ya mwanga na kuacha kijani peke yake, hivyo betri inachomwa kwa mwanga usiofika popote.

Kitufe cha kupunguza mwanga nakihesabu kuwa sehemu bora ya taa hii. Nguruwe huvumilia mwanga unaokua taratibu kuliko mwanga unaowaangukia ghafla. Naanza na mwanga hafifu nikiwa nimeuelekeza juu ya migongo yao, ili waguswe na ukingo wake tu, kisha nauteremsha polepole huku nikizungusha kitufe kwa kidole gumba. Mara nyingi wanaendelea kula, pua zimo ardhini, na mmoja au wawili tu ndio huinua vichwa. Taa zenye ngazi tatu za kubofya hazina utulivu huo, kwa sababu kila ngazi ni mruko, na baadhi yake hutoa mlio mdogo unaosikika vizuri usiku usio na upepo. Pamoja na hayo, taa yoyote haina maana kama upepo unatoka kwako kwenda kwao, kwani pua ya nguruwe humaliza kazi kabla ya macho yake.

Katika kuifunga, nilijaribu pande zote. Ikikaa juu ya darubini, mwanga hufuata mstari wa jicho na hakuna kivuli, ila lazima kichwa cha tochi kitangulie mbele ya kioo cha darubini, la sivyo mng'ao hurudi machoni. Ikikaa chini ya mtutu, mtutu wenyewe, na hasa kizuia sauti, hutupa kivuli kirefu juu ya shabaha. Mimi nimeibakiza pembeni, upande wa kushoto, kwenye reli ya Picatinny, yaani ukanda wa chuma wenye meno wa kufungia vifaa kwenye bunduki, kwa kishikizo cha skrubu mbili. Pete zinazobana bomba la darubini ni lazima zilingane na kipenyo chake, ambacho mara nyingi ni milimita 25.4 au 30, na zikikazwa kupita kiasi huliumiza bomba. Ukungu unapopanda kutoka mtoni, taa yoyote ya kijani hugeuka ukuta mbele ya macho. Usiku wa namna hiyo narudi nyumbani.

Kasoro niliyoiona ni waya wa swichi. Sehemu unapoingia kwenye kifuniko cha nyuma ulianza kulegea, na mwanga ukawa unakatika kila bunduki inapolia. Mtengenezaji alinitumia kifuniko kipya bila malipo, lakini baada ya kusubiri sana, kwa hiyo sasa natembea na kifuniko cha kawaida cha kubonyeza mfukoni. Kwa upande wa betri, 18650 ina volti 3.7 na huchajiwa upya, wakati betri ndogo mbili za CR123A hutoa volti 6 na hutupwa zikiisha. Si kila taa inakubali zote mbili, na kulazimisha ni kuiunguza. Betri za akiba nazibeba kwenye kiboksi cha plastiki, kamwe si pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikigusa ncha zote mbili betri inaweza kushika moto.

La mwisho ni la usalama, na sitaki msomaji alipite haraka. Taa iliyo kwenye bunduki haitumiki kutafutia wanyama, kwa sababu kila inapoangaza ndipo mtutu unapoelekea, na gizani kuna ng'ombe, mbwa wa shamba na watu. Mimi hutafuta kwa taa ya kichwani au tochi ya mkononi, na bunduki huinuliwa baada ya mnyama kutambuliwa. Ng'ombe, kulungu na koyote wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, kwa hiyo macho yao huwaka. Nguruwe hana utando huo, na jicho lake hubaki jeusi au hurudisha cheche hafifu tu. Nikiona macho yanawaka kwa nguvu, kidole hubaki nje ya kifyatulio. Tochi ya mkononi iwe na mwanga mweupe pia, kwa sababu chini ya kijani damu huonekana nyeusi kama tope, na aliyejeruhiwa hawezi kufuatiliwa kwa mwanga huo.

Darubini za kuonea joto hufanya mengi ambayo taa haiwezi, yakiwemo kuwaona nguruwe kabla hawajakuona, lakini nyingi ni za bei mara kadhaa ya taa. Kwa mtu anayeketi karibu na chambo au anayelinda kona ya shamba, ambako nguruwe hutokea ndani ya mita 100, taa ya kijani yenye kandela za kutosha na kitufe cha kuzungusha inafaa, na mimi ningeinunua tena ileile.